Maumivu ya mgongo na uchovu: Hesabu kazi ya nje, hesabu na ya nyumbani



Leo tutazungumzia tatizo ambalo karibu kila nyumba ya mwambao huu, kuanzia Kunduchi na Bunju, ukapita Mlingotini na Kaole, mpaka Bagamoyo mjini na kuendelea Saadani, ina mtu anayelilalamikia. Tatizo hilo ni maumivu ya mgongo, kiuno, shingo, mabega na magoti, pamoja na uchovu usiokwisha hata baada ya kulala. Mgonjwa anapofika zahanati husema, "Daktari, mwili wote unauma." Akipimwa malaria, hana. Akipimwa mkojo, ni safi. Hupewa vidonge vya maumivu, akarudi nyumbani, na baada ya wiki mbili amerudi tena.

Mara nyingi kinachokosekana ni swali moja tu: siku yako inakwendaje tangu unaamka mpaka unalala? Tukiuliza habari za kazi, mgonjwa hutaja kazi inayomletea fedha. Hataji ndoo za maji, kuni, kufua, kukuna nazi wala mtoto anayembeba mgongoni. Lakini uti wa mgongo haujui ipi ni kazi ya mshahara na ipi ni ya nyumbani. Wenyewe unahesabu uzito, muda na mkao, basi.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba ndiyo sababu ya kwanza duniani inayowafanya watu waishi na ulemavu au wapungukiwe na uwezo wa kufanya shughuli zao.

Kazi za mwambao wetu

Tuanze na kilimo cha mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha kikaenea upande wa bara, na Mlingotini ni miongoni mwa vijiji vya Bagamoyo vinavyojulikana kwa kazi hiyo. Wakulima wengi ni wanawake. Kazi yenyewe inafuata mwezi. Bamvua linapofika, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana na wakulima hushuka kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi, kusafisha na kuvuna. Katika mwambao wetu, maji ya bamvua hupwa zaidi asubuhi kuelekea mchana, ndiyo maana mama huyu huwa ameinama majini jua likiwa kali, saa zile zile ambazo nyumbani watoto wanasubiri chakula. Mwani uliovunwa umejaa maji, ni mzito, na unatakiwa kufikishwa nchi kavu ukaanikwe.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti kuhusu wakulima wanawake wa mwani Zanzibar, uliofanywa na watafiti wa Sweden kwa kushirikiana na wataalamu wa hapa kwetu, wakiwamo Dkt. Narriman Jiddawi na Dkt. Flower Msuya. Wakulima wale walieleza kuwa afya yao si nzuri. Walitaja uchovu, maumivu ya misuli na viungo, njaa, matatizo ya macho na ya kupumua, na majeraha ya makombe na viumbe vya baharini. Zingatia kwamba uchovu, maumivu na njaa vilitajwa pamoja. Tutaona baadaye kuwa mambo haya matatu hutembea pamoja.

Wako pia akina mama wanaokaanga samaki na kuanika dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mzigo hufika alfajiri na kazi huanza hapo hapo, mtu amesimama au ameinama juu ya karai lenye moto na moshi. Wako wavuvi wanaovuta nyavu na jarife usiku kucha, wakifika pwani wanabeba samaki, nanga na mashine. Wako wanaokokota na kubeba chumvi kwenye mabwawa, miguu ikiwa katika maji makali na jua likiwaka juu na chini. Wako wanaoponda kokoto, kazi iliyolisha familia nyingi upande wa Kunduchi na Boko, mtu akikaa chini na nyundo mkono mmoja kutwa nzima. Na wako wanaosuka ukili na mikeka, kazi inayoonekana nyepesi, lakini muulize msukaji habari za vidole, viwiko na shingo yake.

Mwili unaumiaje?

Ndugu msomaji, mgongo wako una pingili za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, laini ndani na mgumu nje, kinachopokea mishtuko. Zimeshikwa na kano na misuli. Misuli ya mgongo iko nyuma, karibu sana na mfupa, kama sentimita tano hivi. Mzigo unaouinua uko mbele.

Sasa fikiria mizani ya mikono miwili. Ukiweka uzito mdogo mbali na katikati, inabidi uweke uzito mkubwa sana upande ulio karibu ili ilingane. Ndivyo mgongo unavyofanya. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Ukiiinua ikiwa sentimita 50 mbele yako, misuli iliyo sentimita tano nyuma inabidi ivute kwa nguvu ya mara kumi, yaani sawa na kilo 200. Ukiisogeza ndoo mpaka sentimita 25 kutoka mgongoni, nguvu hiyo inashuka nusu. Na hapo hatujahesabu mwili wenyewe. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu uko juu ya kiuno, kwa hiyo hata ukiinama mikono mitupu kufagia au kufunga mwani, mgongo tayari umebeba mzigo.

Njia ya pili ya kuumia ni kukaa katika mkao mmoja. Msuli unapojikaza na kulegea, damu inaingia na kutoka, inaleta chakula na kuondoa taka. Msuli unapokaa umekazwa muda mrefu bila kulegea, damu hupita kwa shida. Ndiyo maana mtu aliyekaa kitako saa nne akiponda kokoto, au aliyeinama saa nne juu ya kamba za mwani, huhisi kuungua na kukaza ingawa hakuinua kitu kizito.

Njia ya tatu ni kurudia. Tendo dogo likirudiwa maelfu ya mara, kama pigo la nyundo au kufunga fundo, huchosha kano za mkono mpaka zinavimba, na mishipa ya fahamu ikibanwa unaanza kupata ganzi vidoleni, hasa usiku.

Haya yote mwili una uwezo wa kuyarekebisha. Mwenyezi Mungu (s.w.) ameuumba mwili ukijitengeneza wenyewe, lakini kwa sharti moja: upate muda wa kupumzika. Mchoko wa leo ukitengenezwa usiku, kesho unaanza upya. Mchoko wa leo ukiongezwa juu ya wa jana, na wa jana juu ya wa juzi, unakuwa deni.

Zamu ya pili nyumbani

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Tumchukue kwa mfano mama wa kijiji chochote cha pwani hii. Tuseme anaamka saa kumi na moja alfajiri. Baada ya swala anachota ndoo nne za maji, anafagia uwanja kwa ufagio mfupi, anapika uji na kuwaandaa watoto. Saa tatu yuko baharini mpaka saa saba. Anarudi na mzigo, anapika, anafua. Alasiri anarudi kuchota ndoo mbili nyingine, anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi, anapika cha usiku, anaogesha watoto. Analala saa nne usiku.

Hesabu nawe. Ndoo sita kwa siku ni kilo 120. Kwa siku 30 ni kilo 3,600, yaani zaidi ya tani tatu na nusu, na hayo ni maji tu. Kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ni saa 17. Akiulizwa kazi yake, atasema, "Nalima mwani." Kwa maneno mengine ametaja saa nne na kuacha saa 13 bila kutajwa, na ndani ya hizo 13 hakuna hata moja aliyokaa na kuegemea ukuta.

Watafiti wa Sweden, akiwamo Bibi Marianne Frankenhaeuser, walilipima jambo hili kwa njia nyingine mwaka 1989. Waliwachukua wafanyakazi wanaume na wanawake wa kampuni ya magari ya Volvo, wakapima vichocheo vya mwili vinavyopanda mtu anapokuwa katika hekaheka. Kazini wote walikuwa juu. Ilipofika jioni, vichocheo vya wanaume vilianza kushuka, kwa sababu kwao kurudi nyumbani kulikuwa ni kupumzika. Kwa wanawake wenye vyeo vya uongozi havikushuka. Kimojawapo kilizidi kupanda, kwa sababu walikuwa wanaingia zamu ya pili. Hao walikuwa na maji ya bomba na jiko la umeme. Sembuse mwenye kuni na kisima?

Hapa kwetu, uchunguzi wa nguvu kazi uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mwaka 2006 na mwaka 2014 uliwauliza wananchi jinsi wanavyotumia saa zao, na mara zote ulionyesha kwamba wanawake wanatumia muda mwingi zaidi kuliko wanaume katika kazi za nyumbani zisizo na malipo.

Isifahamike kwamba wanaume hawaumii. Mvuvi aliyekesha baharini, akarudi na kuingia shamba au kupanda bodaboda mpaka magharibi, naye hana muda wa kutengenezwa. Fundi mashi anayebeba zege kutwa, akifika nyumbani akachimba choo chake mwenyewe, yuko katika zamu ya pili. Kanuni ni ile ile kwa wote.

Kwa nini maumivu na uchovu huenda pamoja

Mwili ukichoka, mtu huinua vibaya. Asubuhi anachuchumaa na kuusogeza mzigo karibu; jioni anauvuta tu kwa mgongo. Kwa hiyo uchovu unaleta maumivu. Maumivu nayo hukata usingizi, na asiyelala anaamka amechoka. Tena mtu asiyelala vizuri huhisi maumivu zaidi, kwa sababu usingizi ndio unaoituliza mishipa ya fahamu na ubongo. Ukiongeza njaa na hofu ya ada ya shule au deni la duka, misuli ya shingo na mabega inakaza hata mtu akiwa amekaa. Duara hilo likizunguka zaidi ya miezi mitatu, maumivu huitwa sugu. Hapo yanaweza kuendelea hata kama pale palipoumia pamekwisha pona, kwa kuwa mishipa yenyewe imekuwa nyepesi kushtuka.

Hii ni habari ya kutia moyo, si ya kukatisha tamaa. Maana yake ni kwamba duara linaweza kukatwa mahali popote: kwenye mzigo, kwenye mkao, kwenye usingizi, kwenye chakula, au kwenye mgawanyo wa kazi za nyumba.

"Lakini mimi nafanya kazi za nguvu, sihitaji mazoezi"

Swali hili huulizwa sana. Watafiti wa Denmark, akiwamo Bwana Andreas Holtermann, wameonyesha kwamba kazi ngumu ya kutwa haimpi mtu faida ile ile anayoipata katika mazoezi. Mazoezi ni ya muda mfupi, yanatumia mwili wote, na mtu anapumzika baadaye. Kazi ya kubeba na kuinama ni ya saa nyingi, inatumia viungo vile vile, na inapandisha mapigo ya moyo na presha kutwa nzima bila nafasi ya kushuka. Kwa hiyo mbebaji wa mizigo anaweza kuwa na mikono ya chuma na bado mgongo wake ukawa dhaifu.

Hata hivyo kulala kitandani si dawa. Zamani mwenye kiuno aliambiwa alale wiki mbili. Siku hizi tunajua kwamba kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, kulala sana hudhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Punguza mzigo, lakini endelea kutembea na kufanya shughuli nyepesi. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki chache.

Mzigo una kiasi chake

Sisi wa Bagamoyo tuna historia ya mizigo. Katika karne ya 19 wapagazi walitembea kutoka Ujiji na Tabora hadi hapa, njia ya zaidi ya kilomita 1,000, na mzigo wa mpagazi mmoja kwa kawaida haukuzidi sana frasila mbili, yaani kama kilo 32. Misafara ilianza alfajiri na aghlabu ilipiga kambi kabla jua halijawa kali. Kazi ile ilikuwa ya mateso na wengi walifia njiani, lakini hata wenye misafara walijua kuwa mgongo una kikomo. Leo kijana anabebeshwa gunia la lumbesa linalozidi kilo 100, na watu wanamshangilia.

Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilisema mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe chini sana ya huo. Wataalamu wa Marekani mwaka 1991 waliweka kilo 23 kuwa kiasi cha juu cha kuinua hata pale mkao unapokuwa mzuri kabisa. Ndoo ya lita 20 iliyojaa iko karibu na kiwango hicho.

Nini cha kufanya nyumbani

Kwanza, kaeni mke na mume mwandike kazi zote za wiki moja, za ndani na za nje, nani anafanya na kwa saa ngapi. Wengi hushangaa wakiona karatasi. Kinachoonekana ndicho kinachoweza kugawanywa.

Pili, gawanya mzigo. Ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono, ni bora kuliko moja ya lita 20 upande mmoja. Madumu yapakiwe kwenye baiskeli au mkokoteni, na kazi hiyo wapewe vijana wa kiume wenye nguvu. Watoto wadogo wabebe kidogo kulingana na umri wao, kwani mifupa yao ingali inakua.

Tatu, inua kazi kutoka chini. Beseni la kufulia liwekwe juu ya kigoda au benchi. Mafiga yajengwe juu ya tofali ili mpishi asimame wima. Ufagio ufungwe mpini mrefu. Mwani, dagaa na chumvi vichambuliwe juu ya chanja au meza badala ya mchangani. Mambo haya hayagharimu fedha nyingi, yanahitaji mbao chache na nusu siku ya fundi au ya baba mwenye nyumba.

Nne, unapoinua, kaa karibu na mzigo, tanua miguu, kunja magoti, ukumbatie mzigo, kisha simama kwa nguvu ya mapaja. Usipinde kiuno pembeni ukiwa umebeba, geuza miguu.

Tano, badilisha mkao kila baada ya dakika 20 au 30. Simama wima, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma taratibu mara tano, zungusha mabega, tembea hatua chache. Anayeponda kokoto abadilishe mkono na aegemee kitu.

Sita, usiende baharini au kwenye chumvi na tumbo tupu. Kunywa maji kabla ya kiu. Wakati wa Ramadhani, wenye uwezo wa kupanga saa zao wafanye kazi nzito mapema asubuhi au baada ya futari, na daku lisiachwe.

Saba, usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Mama anayelala saa nne na kuamka saa kumi na moja anazipata kwa hesabu tu, ikiwa mtoto hakumwamsha. Alale na mchana kidogo kabla au baada ya Adhuhuri, na mtu mwingine aangalie watoto.

Mume na zamu ya pili

Hapa nataka nizungumze na wanaume wenzangu. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika alitoka kwenda kuswali. Na Bibi Fatma (r.a.) mikono yake iliumizwa na jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kueleza shida yake na kuomba msaidizi. Mtume (s.a.w.) aliwafuata yeye na mumewe usiku, akawafundisha dhikri ya kusoma kabla ya kulala. Tunachojifunza kwa mada yetu ni kwamba mtu bora kabisa wa nyumba ile alisema maumivu yake, na hakuambiwa kuwa ni mvivu.

Nyumba nyingi zinaingia katika ugomvi kwa sababu ya uchovu uliopewa jina jingine. Mume anaona mke hamjali tena, mke hana nguvu hata ya kuzungumza. Au mvuvi amerudi asubuhi anataka kulala, anaonekana hataki kusaidia. Wengine hukimbilia kusema nyumba imeingiwa na jini. Dua na kisomo ni vyema na havipingani na hospitali, lakini ndoo mbili za maji zikichotwa na mtu mwingine kila jioni, huenda nusu ya tatizo ikaondoka wiki ile ile. Usingoje mpaka mwenzio alale kitandani hawezi kugeuka, ndipo ujifunze kukuna nazi.

Tahadhari ya vidonge

Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa dukani kama pipi. Zinatuliza, lakini zikitumika kila siku huweza kutoboa tumbo kwa vidonda, kuharibu figo na kupandisha presha, hasa kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha na anayefanya kazi juani. Usizimeze na tumbo tupu wala usichanganye mbili kwa pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au mimba asizitumie bila kumwona mtaalamu. Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, lakini mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku moja. Jihadhari na unga au mchanganyiko usiojulikana unaoondoa maumivu yote kwa usiku mmoja. Anayepiga hijama ahakikishe wembe ni mpya, vikombe ni safi na mpigaji amevaa glavu.

Maji ya uvuguvugu, kitambaa cha moto na kuchuliwa taratibu kwa mafuta ya nazi vinasaidia kulegeza misuli. Usikubali kukanyagwa mgongo.

Lini uende hospitali haraka

Nenda bila kuchelewa ukiona lolote kati ya haya: mkojo au choo kinatoka bila kujua, au mkojo umeziba, ganzi sehemu za siri na mapajani, mguu kuishiwa nguvu, maumivu baada ya kuanguka kutoka mnazini, jahazini au kwenye pikipiki, homa, kukonda au kutoka jasho usiku, kwani kifua kikuu huweza kushambulia mgongo, maumivu mapya kwa mwenye umri zaidi ya miaka 50, au maumivu yanayozidi usiku hata ukilala.

Na uchovu usiokwisha usiupachike kwenye kazi tu. Omba upimwe wingi wa damu, sukari, presha, malaria na minyoo. Kichocho kipo katika ukanda wetu, na mkojo wenye damu ni dalili yake. Mwanamke anayetoka damu nyingi ya hedhi au aliye mjamzito huishiwa damu upesi. Na huzuni ya muda mrefu pia huonekana kama uchovu na maumivu ya mwili. Hiyo nayo ni maradhi yenye tiba.

Mgonjwa asiyeweza kurukuu au kusujudu kwa maumivu, dini imempa nafasi: aswali kwa kukaa, na asipoweza basi kwa kulala ubavu. Asijitese akauzidisha ugonjwa, wala asiiache swala.

Haki zako kazini

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki, mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Mama anayenyonyesha ana haki ya mpaka saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe kazi haimdhuru mfanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unahusika na wanaoumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumdai. Yeye na familia yake ndio wenye kuupangia mwili ratiba.

Ndugu msomaji, Mtume (s.a.w.) alimkumbusha sahaba aliyezidisha ibada kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa kiasi, basi ndoo, kamba na nyundo vinastahiki zaidi kuwekewa kiasi. Leo jioni anza na moja tu: uliza nani katika nyumba yako hajakaa chini tangu alfajiri, umpokee alichobeba.